Mikono ya Msuluhishi

Mwuza vitambaa huyu hana mikono ya kutulia. Hata akiongea, vidole vyake hupima ukingo wa meza. Mafunzo ya usuluhishi ameshafuzu. Ili mahakama imteue, imebaki asuluhishe kesi moja mbele ya mkaguzi, bila kuwaamulia wagombanao. Leo ni dada wawili wanaogombea cherehani ya marehemu mama yao. Jibu ameliona mapema, linamwasha ulimini. Anaikalia mikono yake na kunyamaza.

“Kwani wewe unajua kushona?” mkubwa anamchokoza mdogo.

“Si unifundishe, dada!”

Mkubwa anaguna. “Basi iwe yetu sote; njoo kwangu Jumamosi. Na huo usingizi wako uuache kwako.”

Mkaguzi anafunika kalamu, anamgeukia mwuza vitambaa. “Mama, jiandae kuapa.”

Ndipo naye anapoitoa mikono, yote miwili imekufa ganzi.