Usukani wa Pandu watupwa kwenye vyuma chakavu

Jua la asubuhi limeshafika uani, nyuma ya ofisi ya kampuni moja ya safari za baiskeli huko Midrand. Pandu Makame amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa mara mbili. Mbele yake zimesimama baiskeli zisizo na usukani, na sukani zenyewe zimelazwa kwenye turubai kama vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Anaokota mmoja uliopinda kwenda chini mfano wa pembe za kondoo. "Huu wa Mmarekani," anasema.

Wa pili unarudi nyuma, kuelekea tumboni kwa mpandaji. "Mholanzi huyo. Anataka akae kama yuko sebuleni kwake." Wa tatu umejizungusha kama nambari nane, nao ni wa Mjerumani, apate kubadilisha mahali pa kuweka mikono njia nzima.

"Kila nchi na mikono yake," anasema Pandu. "Mimi sibishani nao. Nawafungia wanachotaka."

Kabla mgeni hajapanda ndege, ofisi humuuliza anapenda usukani wa namna gani. Hilo ni jambo jema, kwani kutoka hapa hadi Musina, mpakani kaskazini, ni siku saba za jua na milima.

Sasa, Pandu naye huenda safari hiyo hiyo, kwa baiskeli. Ndiye anayekaa nyuma kabisa na pampu, tyubu na spana, akiziba pancha na kuangalia asiachwe mgeni. Hulipwa randi mia nne kwa siku. Yeye hajaulizwa hata mara moja.

Ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, akajifunzia baiskeli ya baba yake, yenye usukani mpana uliorudi nyuma na kengele iliyong'arishwa kwa majivu. Mtu aliipanda mgongo ukiwa umenyooka.

"Kwetu ukipita watu barazani lazima uwaamkie, na uwaamkie ukiwatazama," anaeleza. "Ukipita umeinama, kichwa chini, watu watauliza nani kafa."

Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 2018, meneja wake, Jacques, alileta baiskeli mpya za wafanyakazi. Zote zilikuwa na pembe za kondoo, zimezungushiwa utepe mweusi. Sababu aliyowapa ni picha za matangazo: timu moja, sura moja.

Kufika Juni, vidole viwili vya mkono wa kulia wa Pandu vilikuwa vimekufa ganzi. Kikombe kilimponyoka bila yeye kujua. Vifungo vya shati vikamshinda.

"Mume mzima namfunga vifungo kama mtoto wa chekechea," anasema mkewe, Tabia, mshonaji, chumbani kwao mtaa wa Doornfontein. "Halafu ananiambia nisiseme. Kwa nini nisiseme, baba Nusaiba?"

Muuguzi wa kliniki alimweleza kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kiganjani, na kwamba asiendelee kuilalia mikono yake. Pandu akampelekea meneja maneno hayo. Akaambiwa avae glavu.

Mwezi huo huo mgeni mmoja aliandika kwamba na yeye vidole humfa ganzi. Huyo hakuambiwa avae glavu. Aliagiziwa usukani mwingine kutoka ng'ambo, ukaja kwa ndege, na aliyeufunga ni Pandu, kwa vidole visivyohisi spana.

Hapo ndipo mtu anaposhindwa kunyamaza. Ganzi ni ganzi, iwe ya mwenye tiketi au ya mwenye pampu.

Pandu akatafuta dawa yake mwenyewe. Kwa fundi mmoja wa Doornfontein alinunua usukani wa zamani, mpana, unaofanana na wa baba yake. Akausugua kutu, akaufunga siku ya Alhamisi. Ijumaa akaenda kuswali. Aliporudi alikuta pembe za kondoo zimerudishwa, na usukani wake umo kwenye pipa la vyuma chakavu, chini ya rimu zilizovunjika.

Aliyeshuhudia ni Thierry, dereva wa gari la mizigo, mtu wa Butembo. "Boss mwenyewe alitoa, na akacheka," anasema. "Nikamwambia, eish, ile iko ya mzee. Akasema inafanana na baiskeli ya muuza maziwa. Kwetu tunafunga mpaka fimbo kwa usukani, ya kusukumia mzigo. Hakuna mtu anacheka."

Jacques alipoulizwa alijibu kwa ufupi: wageni hununua wanachokiona, na hakuna anayelazimishwa kufanya kazi hapa.

Jumatatu ya safari, Pandu alifika getini na usukani aliouopoa pipani, ameufunga tena. Wageni walikuwa wameshavaa kofia ngumu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa nyuma. Jacques aliutazama, akautazama tena.

"Nenda," akasema. "Lakini ukae nje ya picha."

"Picha sikuiomba, bwana," Pandu akamjibu. "Nimeomba vidole."

Siku ya tano, walipolala mji wa Louis Trichardt, alifunga vifungo vyake mwenyewe, isipokuwa kile cha shingoni.

Tangu hapo usukani huo haulali Midrand. Safari ikiisha Pandu huufungua, akaupakata ndani ya teksi, daladala za huku, hadi Doornfontein. Juzi abiria mmoja alimuuliza, "Baba, baiskeli yenyewe iko wapi?" Akamjibu, "Inakuja nyuma."

Tabia ameupigilia msumari ukutani, karibu na cherehani. Safari nyingine ni wiki ijayo, na Pandu amekwisha kumwambia Jacques kwamba atakwenda na usukani huo, na ile itakayofuata pia, mpaka Jacques akubali uachwe baiskelini ulale huko kama za wageni.

"Siku hiyo," anasema, akiutazama msumari, "mke wangu atundike hapo kanga yake."