Siku Niliyovaa Koti la Kulwa Kwenda Kuiba Kambale

Kuna watu kijijini kwetu, upande wa Kasoli, ambao mpaka leo wakiniona wanacheka kwanza ndipo wanasalimia, na kuna mama mmoja mwenye duka ambaye hacheki wala hasalimii, anahamia ng'ambo ya pili ya njia, na wote nawapa haki yao. Nimezunguka sana mimi, Mwanza, Geita, Kahama, hadi Sirari mpakani, nimefukuzwa gesti na kushushwa kwenye malori, lakini aibu inayonifanya nifunike uso kwa viganja hata nikiwa peke yangu ni hii ya nyumbani, ya mchana kweupe, nikiwa nimebeba kambale kifuani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza wameanza kuja na malori na mizani zao, na mitumba imejaa kwenye magulio kiasi kwamba mtu aliyezoea kaptula moja mwaka mzima ghafla ana koti la nchi za theluji. Kulwa, pacha wangu, alinunua la kijani lenye kola ya manyoya, akalivaa masika na kiangazi, hata palizi alipalilia nalo, na hakuna mtu pale kwetu ambaye angeliona kwa mbali asijue ni la nani. Mimi ndiye Doto. Tulifanana hivi kwamba mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akituchapa wote wawili ili asikosee.

Kulwa alikufa kwa homa ya siku tatu, mimi nikiwa Mwanza nauza betri na viberiti, na barua ilinikuta mwezi mzima baadaye. Nikafika nyumbani jioni, kimyakimya, hakuna aliyeniona ila mama na shangazi. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akanishika mkono bila kugeuka, akauachia. Shangazi akanivuta hadi jikoni.

"Tangu mazishi hajatoka ndani," akasema. "Uji ni vijiko viwili, anasukuma bakuli. Tutamzika na yeye, Doto."

"Hataki chochote?"

"Anasema kambale wa Kulwa angemla. Sasa huyo Kulwa tumtoe wapi?"

Basi nikalala na neno hilo. Mto wetu, ule unaoteremka kwenda kuungana na Simiyu, kiangazi hukatika ukabaki madimbwi, na dimbwi kubwa kuliko yote kijiji kilikuwa kimelifunga, haruhusiwi mtu kuvua hadi mvua zirudi, na sungusungu wanalilinda. Kulwa alikuwa akiiba humo tangu tukiwa na miaka kumi na miwili. Mjomba wetu, mama akiwa hajui (nilidhani hajui), ndiye aliyetufundisha kutengeneza chambo cha wizi: mashudu ya pamba, damu ya ng'ombe iliyoganda, utumbo wa kuku na pumba za mtama, unavitia kwenye kibuyu, unaziba kwa gunzi, unakiacha kichachuke siku saba mpaka kikifunguliwa nzi wenyewe wanasita. Halafu unafinyanga vidonge, unavizungushia nyuzi za pamba visimeguke kwenye ndoano. Harufu yake haitoki mkononi kwa sabuni wala kwa jivu, na Kulwa alikwenda nayo kila mahali, kanisani, dukani, mezani.

Mjomba alitupa na sharti. Ukishafungua kibuyu usisalimie, usiitike, usimjibu mtu yeyote, mpaka samaki awe chunguni. "Chambo kina masikio," alisema. "Kikisikia sauti ya nyumbani, kitamrudisha samaki kwao." Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na sikuamini maneno hayo, ila nilijua Kulwa aliyafuata na alikuwa anapata, na mimi nisiyeyafuata nilikuwa sipati.

Kesho yake nikakikuta kibuyu chake nyuma ya ghala, kimening'inia bado. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa na shati moja tu la maana, jeupe, la kuuzia betri. Nikaona nisiliharibu kwa harufu ile, nikachukua koti la Kulwa msumarini, nikavaa, nikatoka.

Nilikwenda jua la utosi, saa ambayo walinzi hujificha kivulini. Pale dimbwini hapakuwa na ndege hata mmoja. Maji ya kijani, mazito, hayatikisiki. Upande wangu wa kushoto palikuwa na jiwe bapa ambalo Kulwa alikuwa akikalia (mimi sikulikalia, msiniulize kwa nini). Nikatupa kidonge cha kwanza, cha bure, kama yeye alivyokuwa akifanya. Maji yakafunguka. Vichwa vya kambale vikatoka, kumi, labda kumi na tano, sharubu zinacheza, midomo wazi, vikatulia hapohapo juu ya maji kama watu waliosikia hodi. Na havikuwa vinanitazama mimi. Vyote vilielekea kwenye jiwe.

Ningekimbia wakati ule ningekuwa mtu mwenye heshima leo. Nikatupa ndoano bila kutazama kushoto, ikavutwa papo hapo, nikamtoa mmoja wa urefu wa mkono, na nilipokuwa nikimtoa filimbi ya sungusungu ikalia karibu, kule kwenye njia niliyokuja nayo. Nikamsokomeza kambale ndani ya koti, nikafunga vifungo hadi shingoni, nikatambaa kwenye tope, nikapanda ukingo wa pili. Njia ya upande ule ni moja tu, nayo inapita kituo cha pamba.

Sasa nitazameni. Tope limenikauka usoni limekuwa jeupe. Nanuka kitu kilichooza wiki kadhaa. Koti la kijani la marehemu, katikati ya joto, na kifuani kitu kinapumua na kukoroma, maana kambale hafi upesi. Chini ya turubai watu kama arobaini na mafurushi yao. Nikasema nitapita pembeni tu, kwa adabu.

"Mwadila," akasema Nyanzobe mwenye duka, kwa mazoea, kabla hajainua macho. Sikuitikia. Huko kwetu kuacha salamu ni kosa, kwa hiyo akainua macho.

Karani wa mizani, mtu wa kuja, akaniambia, "Kijana, foleni inaanzia nyuma."

"Huyo hapangi foleni," mtu akamjibu taratibu. "Huyo tulimzika."

Papo hapo kambale akakoroma, koti likapanda na kushuka. Kisha nikasikia lile neno, msukule, likipita kutoka mdomo hadi mdomo, na nikaelewa wanaona nini: mtu aliyechukuliwa na wachawi, akarudishwa bila kauli. Ningesema neno moja tu, Doto, yangeisha. Lakini nilimfikiria mama na bakuli lake, nikafunga mdomo, nikaongeza mwendo, nao wakadhani nawafuata. Furushi la kwanza lilianguka, mizani ikafuata. Kamanda wa sungusungu, aliyeapa kumkamata mwizi wa samaki kwa mikono yake, alipanda lori, akamkuta dereva ameshatangulia kuruka upande wa pili. Nyanzobe alikimbia huku ameshika kiatu kimoja, akilia, "Kulwa, deni lako nimelifuta."

Kwetu si mbali na pale, na kelele zilifika kabla yangu. Nikamwona mama amesimama mlangoni. Mama aliyekuwa hatoki. Akaja hadi kwangu, miguu mitupu, wakati kijiji kizima kinachungulia toka nyuma ya mafurushi ya pamba. Akanishika mkono wa kulia, akauinua hadi puani, akanusa kiganja, akafumba macho.

"Kulwa," akasema. "Ng'wanone, mwanangu."

Kambale alikuwa bado hajafika chunguni. Lakini watu wanatazama, na mimi naona aibu kuliko ninavyoweza kueleza, kwa hiyo nikasema, kwa sauti ili wote wasikie, "Mama, ni mimi Doto."

Hakufumbua macho mara moja. Akasema polepole, ili nisikie mimi tu, "Najua ni wewe. Ungenyamaza kidogo."

Watu walianza kucheka nyuma yetu, kwanza mmoja, kisha wote, na kamanda akashuka kwenye lori kuja kunidai kambale. Mama alikuwa ameshafungua vifungo na kumtoa. Akamwambia kamanda aje amchukue chunguni, akaingia naye ndani. Alimmaliza peke yake, na mimi nililima shamba la kijiji wiki mbili.

Mama yungali hai. Bado nazunguka, na kila ninaporudi nyumbani, nikifika mlangoni sisemi jina langu. Nampa mkono tu, namwacha anuse, nangoja aniite atakavyo.