Fundi Amekwenda Bagamoyo

Visu vya kukunja natengeneza peke yangu, hapa hapa uani kwangu Temeke, na kila anayetaka namwambia, "Njoo Ijumaa." Si kwamba mie ni mwongo. Mtu akiisifu kazi yangu, ulimi unakosa nguvu ya kusema sitaweza.

Mzee Kombo, muuza machungwa wa Vingunguti, alikuwa amengoja Ijumaa nne. Kisu chake nilikimaliza, mpini wa mpingo, ukikifunga kinalia tak. Akatokea karani mmoja wa Bwana DC, akakisifu sana, nikampa yeye.

Ijumaa ya tano nikamwona mzee anakuja kwa miguu. Nikajitupa uvunguni mwa kitanda. Mke wangu, kwa shingo upande, akamwambia fundi amekwenda Bagamoyo.

"Mungu amrejeshe salama," alisema mzee, akakaa barazani kupumzika.

Dua ile ilinichoma. Mtu niliyemnyima kisu chake mwenyewe alikuwa ananiombea heri, nami nimejikunyata uvunguni kama kuku anayeatamia.

Mara jirani akapiga hodi mlango wa uani. Sasa mie nimelelewa vizuri. Hodi haipiti masikioni mwangu bila jibu.

"Karibu! Pita ndani!" niliitikia kwa sauti yangu yote.

Sauti ikafika mpaka barazani. Nikatoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikaenda barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu taratibu. "Habari za Bagamoyo?"