Karatasi Ndani ya Transfo

Kwa muda mrefu wa maisha yangu niliamini kwamba mapadri wa zamani walificha sala ndani ya redio zao. Watu wa mtaa wetu wa Mangobo walieleza jambo hili bila kupepesa macho: fungua transfo ya redio ya misheni, ule mzigo wa vyuma vyembamba na waya wa shaba unaopeleka sauti kwenye spika, utakuta kipande cha karatasi kimebanwa humo. Hiyo ndiyo sala. Ikiwamo, redio itaimba nyimbo za kanisa bila taabu, lakini rumba itaikwama kooni. Mimi nilimaliza shule ya jioni, diploma yangu ya umeme iko ukutani hadi leo, na niliamini kuliko hata wale walionisimulia.

Sasa tonton yangu, mdogo wake mama, alipiga gita la solo katika bendi ya mtaa. Ampli yake, mashine ya kukuza sauti ya gita, iliungua. Mkubwa wa bendi akamwambia asipokuja na nyingine kwenye harusi ya Jumamosi, nafasi yake atapewa mpiga kinanda.

"Mwana, weye si ulisoma courant?"

"Nilisoma umeme, Tonton."

"Bon. Donc tengeneza. Miye siwezi kwenda kupiga makofi pale mbele ya watu kama mama mukwe."

Sokoni nilipata, ili niigeuze ampli, redio ya misheni iliyokuja kwa mtumbwi kutoka Isangi, kongwe kuliko mto wenyewe. Lampu zake ndogo, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zilikuwa nzima, lakini ile kubwa ya mwisho, inayosukuma spika, ilikuwa moja tu. Ampli nyingi hutumia mbili zinazopokezana kazi. Yangu ingebeba wimbo mzima peke yake, kama mpagazi aliyejitwisha kitanda na godoro lake.

Lampu ya namna hiyo haipumziki. Hata gita likinyamaza, umeme lazima upite ndani yake kwa kiasi cha kati, ili sauti ipate nafasi ya kupanda na ya kushuka. Kiasi hicho kinawekwa na rezistansi moja ndogo chini ya lampu. Niliyoijaribu kwanza ilikuwa ndogo mno. Bati la ndani ya lampu likawa jekundu kama kaa. Nikaweka kubwa zaidi, likatulia. Joto lililobaki, nawaambia, lingekausha samaki wote wa maporomoko ya Wagenia na wavuvi wao.

Ikabaki transfo. Niliifungua, na karatasi ilikuwamo kweli, ya manjano, haina hata herufi. Nikasema sala imefutika kwa uzee. Nikaitoa kwa heshima, nikailaza dirishani. Kisha nikapanga vyuma upya kwa mtindo tulioufanya kila siku kwenye stabilizeta za mtaani, vile visanduku vya kutuliza umeme: kimoja huku, kimoja kule, vikiingiana kama vidole vya mikono miwili, hata unywele usipite.

Ijumaa asubuhi Tonton alichomeka gita. Nyuzi nyembamba zililia kama mbu ndani ya chupa. Nyuzi nene zilikohoa tu.

"Mwana, hii ampli iko na malaria."

"Itazoea, Tonton. Ilikaa sana na mapadri."

"Harusi iko kesho. Itazoea leo?"

Tukaipakia kwenye toleka, teksi ya baiskeli, na mwenye baiskeli akauliza kama tumeiba injini ya ndege kule uwanjani Bangboka. Tulikwenda kwa mwalimu wangu wa shule ya jioni, tuliyemwita Madame. Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Alinisikiliza, akafuta mikono, akafungua transfo, akaichungulia muda mrefu.

"Karatasi iko wapi?"

"Nilitoa, Madame. Ilikuwa ya kanisa."

Alivichomoa vyuma vyote, akavipanga vya umbo moja upande mmoja, vya umbo la pili upande wa pili, akachana kipande cha mfuko wa simenti, akakiweka katikati yao, akakaza. Tonton akagusa uzi mnene. Sufuria za Madame zikaitikia, na bata wake wakahamia kwa jirani. Tonton alifumba macho, akapiga wimbo mzima, na hatukumsikia akitaja malaria tena.

Jumamosi alipiga harusini. Ampli haikuwa na nguvu nyingi, ikawekewa maikrofoni mbele, lakini mkubwa wa bendi mwenyewe ndiye aliyemsogezea Tonton kiti. Mpiga kinanda alikula makayabu, samaki wa chumvi, kwa utulivu. Mimi, mezani, niliwaeleza wageni siri niliyoigundua: kumbe sala si lazima itoke kwa padri, hata simenti inafaa, mradi anayeiweka awe na moyo safi.

Madame, aliyealikwa na Tonton, alikuwa ng'ambo ya meza. Alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka kwenye sahani.

"Hapana," akasema. "Lampu moja inapitisha courant upande moja tu, haikomi. Vyuma vikigusana, vinajaa sumaku, sauti nzito inakosa nafasi. Karatasi iko kwa kuvitenganisha kidogo. Hata ya sabuni ingefaa."