Kumi na Nane ya Nabintu

Ukitaka kumwona Nabintu akikasirika, mwambie ana busara. Kila aliyewahi kumpa sifa hiyo alikuwa na mgonjwa wa kumbebesha.

Huko Bukavu alibakiza mwaka mmoja tu amalize masomo ya fizikia, vita vikamfukuza. Hapa Kampala anasuka nywele Makindye, na wengi humwita Mama Victoire, kwa jina la mwanawe. Alijifunza Kiganda upesi kuliko Wakongo wote wa kanisani kwao, na hakuna aliyesema ana akili. Walisema ana busara, kisha wakaanza kumtuma: mpeleke fulani hospitali, ukaongee na daktari, ulale naye huko huko. Nabintu akaenda, tena na tena, wateja wakahamia kwa wasusi wengine.

Basi Jumamosi alasiri ilikuwa yake. Mteja wake mmoja, mke wa Obonyo, alimkaribisha kwao Bukoto kwenye mchezo wa mezani. Obonyo, Mkenya mwenye sauti nene, husimulia mapango na mazimwi. Kila mmoja wa wengine hucheza mtu mmoja wa hadithi hiyo, na dadu huamua nani atapona. Siku ya kwanza Nabintu alitazama tu. Akarudi nyumbani ameshajichagulia: angekuwa mchawi wa vitabu, yule anayepata uwezo wake kwa kusoma. Wiki nzima alisuka huku akitabasamu peke yake.

Jumamosi iliyofuata akarusha dadu kupata namba za mtu wake. Tatu zote zikatua kwenye sita. Kumi na nane, na hakuna namba inayozidi hiyo.

"Weka kwa Akili," alisema. Katika mchezo huo kila mwenye uchawi ana namba inayombeba: mchawi wa vitabu hubebwa na Akili, kasisi na Busara, mwimbaji na Mvuto.

Obonyo alikuwa keshaiandika kwenye Busara.

"Mama Victoire, wewe utakuwa kasisi. Hatuna mtu wa kututibu. Na kusema ukweli, hiyo kazi imekukaa. Wewe ni mtu wa busara."

"Namba ni yangu, Obonyo. Ni miye nimeirusha."

"Aki usikasirike, ni mchezo tu," akadakia Travis, shemeji ya Obonyo, aliyecheza shujaa wa upanga. "Sasa mimi nikipigwa, nani ataniinua?"

Mchezo tu! Kama ni mchezo tu, mbona hata humo awekewe kitanda cha mgonjwa akikeshee? Alitaka kuondoka, lakini kuondoka kungekuwa kuwaachia meza. Akabaki. Akaomba kitabu cha sheria, akakisoma kimya, kwa kidole, kama alivyokuwa akisoma zamani.

Akakuta kwamba kila alfajiri ya hadithi kasisi huchagua mwenyewe sala atakazobeba siku hiyo. Asiyoichagua, hana. Nabintu akachagua zake.

Pangoni Travis alilikimbilia zimwi bila kungoja mtu, kama kawaida yake. Likamwangusha.

"Mama Victoire, nitibu!"

"Sina."

"Huna nini?"

"Dawa. Leo nimebeba moto tu." Akamgeukia Obonyo. "Si ulisema niko na busara? Ni yenyewe imechagua."

Akarusha dadu, na ile kumi na nane ikambeba. Zimwi likaungua likaisha. Shujaa wa Travis alikufa palepale chini.

Ikabidi Travis aanze mtu mwingine. Alirusha dadu amenuna, akapata namba moja nzuri, kumi na sita.

"Nguvu," alisema.

Nabintu alikuwa ameshachukua penseli.

"Busara," akasema, akaiandika. "Hatuna mtu wa kututibu."

"Lakini mimi sitaki kuwa kasisi!"

"Itakukaa," Nabintu akamwambia.