Ng'ombe Aliyeulizwa Swali

Mwalimu Gaspari huanza kitabu kwa kutazama picha ya mwandishi nyuma ya jalada. Akiona meno mengi, hukiweka kando hadi jioni, mpaka hamu ya kugombana nacho imjie. "Huyu amefanikiwa," husema. "Sasa anataka kunifundisha kilichomfanikisha, na yeye mwenyewe hakijui."

Ana miaka sitini na minne. Alifundisha shule za msingi za wilaya ya Ngara kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu astaafu anaishi Bugarama, kwenye kibanja alichozaliwa, pamoja na mkewe Adelfina, migomba, kahawa kidogo, na sanduku la bati lililojaa vitabu vya biashara, uchumi na jamii. Vingine huletwa na binti yao Priscila, anayefanya kazi Mwanza. Vingine amevinunua Rulenge siku za gulio, kwa mtu anayetandaza mitumba chini na kupanga vitabu karibu na viatu. Vyote huvisoma akiwa na penseli mkononi, kama anayesahihisha madaftari, na pembeni mwa kurasa huandika yale yale aliyokuwa akiwaandikia watoto: Fafanua. Umejuaje? Rudia.

Mimi nimeviazima vitabu hivyo kwake kwa miaka mingi, na siku hizi naisoma zaidi penseli kuliko wino.

Penye ukurasa unaosema matajiri wote huamka saa kumi alfajiri, ameandika: Adelfina huamka saa kumi tangu tuoane. Penye habari za kijana aliyeanza bila kitu chochote, ndani ya gereji tupu ya baba yake: Baba alikuwa na gereji! Penye ushauri wa kuwaacha marafiki wote wasiokuinua: Na jeneza wataliinua akina nani? Yupo mwandishi mmoja wa kitabu kinene kuhusu umaskini wa mataifa, ambaye alifika kijiji fulani asubuhi, akala mchana, akaondoka na sura nzima. "Mimi nimeishi hapa miaka yote hii," Gaspari aliniambia, "na sijaielewa hata kamati ya maji."

Anachokiheshimu ni kimoja tu, chembamba, kisicho na jalada wala jina la mwandishi, kwa kuwa kurasa za mwanzo zilichanika kabla hakijamfikia. Kinahusu uchumi. Kwenye ukurasa wa tisini mwandishi anakiri kwamba jambo analolieleza halijui vizuri. Gaspari amepiga mistari miwili chini ya sentensi hiyo, na pembeni ameandika: Vema.

Mtu akimsikiliza hivyo anaweza kudhani hakuwahi kudanganywa na kitabu. Alidanganywa mara moja, na kwa mara hiyo moja amehangaika miaka minne, akitaka jambo moja tu: jirani yake Ndayisaba asafishwe jina, na wao wawili wawe kama walivyokuwa.

Ilikuwa mwaka ule wa kwanza wa kustaafu. Siku zilikuwa ndefu, kengele haikulia tena, na mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto sitini alijikuta anawahutubia kuku. Priscila akaja likizo na kitabu chenye jalada la buluu. Kilikuwa na shauri moja lililorudiwa katika sura kumi na mbili: kila ulicho nacho kiulize, umeniletea nini mwaka huu? Kisichojibu, kiuze, na fedha yake uifanyishe kazi.

Gaspari alichukua daftari, akazunguka ua mzima. Aliiuliza baiskeli. Aliiuliza redio. Aliuliza shina moja moja la kahawa. Adelfina alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi.

"Na mimi umeshaniuliza?"

"Wewe si mali, mama Priscila."

"Afadhali. Nilikuwa nimeanza kutafuta jibu."

Jioni akafika kwenye jambo ambalo halikuwa uani. Lilikuwa zizini kwa Ndayisaba, ng'ambo ya kijito. Zamani, katika mwaka wa njaa, baba yake Gaspari alimgabira baba yake Ndayisaba ng'ombe jike. Kugabira ni kumpa mtu ng'ombe bila kumuuzia wala kumpa moja kwa moja. Huyo mtu anamtunza, anakunywa maziwa, anatia mbolea shambani mwake, na mara kwa mara ndama mmoja anarudi kwa aliyempa. Lakini ng'ombe ndiye mdogo katika mambo hayo. Kubwa ni kwamba nyumba mbili zinakuwa zimefungwa pamoja. Kwa Gaspari ikiezekwa nyumba, watu wa Ndayisaba wako juu ya paa. Kwa Ndayisaba akiolewa binti, Gaspari ndiye msemaji. Wazee wote wawili walikufa, ng'ombe wa kwanza akafa, mjukuu wake akabaki, na mambo yakaendelea hivyo hivyo bila mtu kuyataja.

Gaspari alimuuliza ng'ombe huyo, kwenye daftari, alimletea nini mwaka huo. Aliandika: hakuna ndama. Akaandika: maziwa, sikukuu tu. Halafu akapiga mstari. Mtu aliyesahihisha hesabu za watoto maisha yake yote hakuona kwamba swali lenyewe lilikuwa na kosa.

Alikwenda asubuhi na kamba, pamoja na mchuuzi wa ng'ombe. Ndayisaba alikuwa akikata majani. Aliitazama kamba, kisha akamtazama mchuuzi.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ni hesabu tu, ndugu yangu."

"Hesabu."

"Nitakueleza siku tukitulia. Kuna kitabu nimesoma."

Ndayisaba alimfungua ng'ombe mwenyewe. Scolastica, mkewe, alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukamua, na hakujua ampe nani. Akakiweka chini.

Kosa hilo lisingeweza kufanywa na mgeni, kwa sababu mgeni asingekuwa na ng'ombe wa kumfungua. Na hakuna asiyejua maana yake. Ng'ombe wa kugabiriwa hachukuliwi mpaka aliyempokea awe ametenda ubaya mkubwa: ameiba, amemwendea mke wa mwenzake, amemloga mtoto. Gaspari alijua hayo tangu utotoni. Ila siku ile aliyajua kama mtu anavyojua mvua iko nje wakati yeye yuko ndani anasoma.

Kabla ya wiki kuisha, Scolastica aliulizwa kisimani mume wake amefanya nini. Akajibu hakufanya kitu. Wakamhurumia, na huruma ilikuwa mbaya kuliko swali. Kanisani watu waliacha nafasi kidogo pembeni mwa Ndayisaba, si kubwa, upana wa kiganja. Gaspari alipita kwa jirani mmoja mmoja akieleza kwamba ilikuwa biashara, kwamba Ndayisaba ni mtu safi. Walimwitikia kwa heshima. "Mwalimu ana moyo mwema," walisema alipoondoka. "Anamfichia."

Ng'ombe alikwenda kuuzwa wilaya ya Biharamulo, huko Nyarubungo. Kwa fedha ile Gaspari alinunua sola na betri, akafungua kibanda cha kuchaji simu njia panda. Kilikwenda vizuri miezi saba. Kisha nguzo za umeme zikafika, kila mtu akachaji kwake, na Gaspari akabaki ndani ya kibanda akisoma. Kwenye kitabu cha buluu, sura ya mwisho, ameandika: Hukutaja nguzo.

"Mwalimu, milionea!" Frednand, fundi baiskeli, alikuwa akimwita kutoka ng'ambo ya barabara. "Leo umechaji ngapi?"

"Moja."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mwaka jana mama yake Gaspari alifariki. Ndayisaba alikuja, kwa sababu kwenye msiba kila mtu huja. Alichimba kaburi kwa zamu yake, kwa jembe lake mwenyewe, bila kuongea. Zamani angeketi ndani na wenye nyumba na kukaribisha wageni. Safari hii aliketi kwenye benchi la wageni, karibu na njia, na chakula kilipoletwa hakuonekana. Gaspari alimwona akiondoka, jembe begani. Aliniambia baadaye kwamba siku ile alizika watu wawili. Kisha akaona aibu kwa kusema hivyo, akageuza mazungumzo.

Mwezi wa sita, barabara zilipokauka, alipakia sola na betri zake kwenye fuso, akaenda Nyarubungo.

Mnunuzi alikuwa Nyanda, mfugaji aliyehamia huko na wazazi wake kutoka Shinyanga, mwenye boma pana na sauti ya mtu aliyezoea kuongea akiwa mbali. Ng'ombe alishauzwa mnadani. Mtoto wake alikuwepo, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe begani.

"Mlimuuza kwa nini yule mama yake?" Nyanda aliuliza. "Alikuwa ng'ombe mzuri sana."

Gaspari akamweleza yote, kitabu, daftari na swali. Nyanda alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi ng'ombe namuuliza kama ameshiba. Basi. Akijibu zaidi ya hapo nahama."

Nguzo zilikuwa hazijafika kwake. Alichukua sola na betri, Gaspari akaongeza kiasi kutoka kwenye kiinua mgongo kilichobaki, wakapeana mikono. Kibali cha kusafirisha mifugo kilichukua siku mbili. Fuso lilimfikisha Rulenge na mtamba wake, na kutoka hapo alimswaga kwa miguu, akilala njiani kwa jamaa, yeye mzee wa umri ule, viatu vya ualimu vimejaa vumbi, akizungumza na mnyama kwa Kihangaza cha kwao kwa sababu hakuona kama Kiswahili kingemfaa.

Alivuka kijito kabla jua halijawa kali, hakupita kwake kwanza. Ndayisaba alikuwa uani akichonga mpini.

"Mwalimu."

"Ndugu yangu. Nimemleta."

Ndayisaba aliweka panga chini. Akamzunguka mtamba, akamshika mgongoni, akamtazama meno. Mkono wake ulikawia kwenye lile doa la begani.

"Ni damu yake?"

"Ni mtoto wake. Nimemfuata Nyarubungo."

"Bei gani?"

Gaspari hakuelewa. "Sikuja kuuza. Nimekuja kukugabira, kama wazee walivyofanya. Nitawaita majirani, nitasema mbele yao kwamba mimi ndiye niliyekosa."

"Ulishawaambia. Walisikia nini?"

Gaspari akamfukuza nzi mgongoni mwa mtamba.

"Ukinigabira," Ndayisaba alisema, bila ukali, kama mtu anayeeleza njia, "watasema umenisamehe. Nami sina cha kusamehewa. Halafu mwakani binti yako ataleta kitabu kingine."

"Sivisomi tena kwa namna ile."

"Labda. Lakini nikimnunua ni wangu. Hakuna kitabu kitakachokuja na kamba kumfungua. Taja bei."

Gaspari alikaa juu ya gogo. Uchovu wa njia yote ulimpanda miguuni kwa pamoja. Kitu kimoja alichotoka nacho Bugarama, akapanda nacho fuso, akaswaga nacho, kilikuwa ni kutotaja bei. Alimtazama Scolastica aliyekuwa ametoka nje na kusimama mlangoni. Hakuwa na sura ya kumsaidia. Alikuwa anamtazama mtamba.

Akataja bei, nusu ya aliyotoa.

Ndayisaba alicheka, cheko fupi, la kwanza baina yao kwa miaka minne. "Hata kuuza hujui! Na vitabu vyote vile? Huyu kwa bei hiyo watasema nimemwiba. Taja ya kweli."

Akataja ya kweli. Ndayisaba akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na fedha iliyofungwa kwenye kitambaa, ya kahawa ya msimu ule, akalipa yote mbele ya mkewe. Kisha akafanya jambo ambalo Gaspari alilijua lakini hakuwa amelifikiria. Ng'ombe wa kugabiriwa huingia zizini na kamba yake. Wa kununuliwa huvuliwa kamba, na muuzaji huondoka nayo. Ndayisaba alifunga kamba yake mwenyewe kwanza, ndipo akaifungua ya Gaspari, akaizungusha vizuri, akampa kwa mikono miwili.

"Shemeji, utakunywa," Scolastica alisema. "Muuzaji hanywi maji."

Alileta pombe ya ndizi. Zamani wangewekewa mtungi mmoja na mirija miwili. Sasa kila mtu alipewa kikombe chake. Waliongea habari za bei ya kahawa na daraja lililobomoka. Ndayisaba aliuliza mtamba anapenda majani gani, Gaspari akamjibu, na hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na mazungumzo yao ya zamani. Vikombe vilipoisha, hakuna aliyeongezewa.

Nyumbani Adelfina aliiona kamba kabla hajamwona mumewe.

"Amekataa?"

"Amenunua."

Adelfina aliipanga habari hiyo kichwani. "Kwa fedha taslimu?"

"Yote. Mbele ya mkewe."

"Basi kesho kijiji kizima kitajua. Watasema Mwalimu amefilisika, vitabu vimemmaliza, mpaka amemuuzia ng'ombe jirani ambaye yeye mwenyewe alimnyang'anya."

"Waache waseme," Gaspari alisema. "Miaka minne wamesema juu yake."

Akavua viatu, akajilaza kwenye mkeka, na ndizi zilipoiva jikoni alikuwa amelala.