Mguu Karaini, Siku ya Kwanza Ukweni

Siku niliyokwenda kujulikana kwa wazazi wa mume wangu, kule Gatuanyaga, nilifika nimechelewa na nimejaa vumbi. Wakati huo alikuwa bado mchumba. Yeye alitangulia asubuhi kusaidia kuchinja mbuzi, mimi nikafunga saluni yangu ya Ruiru mapema, nikaenda hadi Thika, nikapanda pikipiki.

Nilikuwa na rinda jipya, na ili nikae vizuri nililipandisha hadi magotini. Tulipofika nikaona watu wamesimama mlangoni kunilaki. Nikaona haya kushuka mbele yao miguu ikiwa nje, kwa hiyo nikashukia upande wa pili, ule wenye bomba la moshi. Shavu la mguu likagusa bomba.

Sikupiga kelele. Nilishusha rinda, nikatabasamu, nikaanza kusalimia watu mmoja mmoja, machozi yakinilengalenga. Baba mkwe akadhani nimeguswa na mapokezi, akanikaribisha kwa upole mara mbili. Mama mkwe ndiye aliyegundua kwamba nimesimama kwa mguu mmoja. Aliniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Akainama, akainua pindo la rinda langu kidogo, akatazama.

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jikoni, akaniketisha kwenye kigoda na kuweka karai chini ya mguu wangu. Kisha akaleta mtungi wa maji na kikombe, akaanza kunimwagia polepole juu ya pale palipoungua.

Kule maji huletwa na mkokoteni wa punda, na nilijua hivyo. Kikombe cha tano nikajaribu kuuondoa mguu, nikamwambia inatosha.

"Tulia, mwanangu," akasema. "Maji tutanunua mengine. Ngozi hainunuliwi."

Nikatulia. Alikuwa amepika miaka mingi katika jiko la shule ya bweni, Thika, na uji wa moto ulikuwa umemfundisha mengi kuhusu ngozi. Alinieleza kwamba moto huendelea kula ndani hata ukishaondoka kwenye kilichokuchoma, na kwamba maji ya kawaida, wala si barafu, ndiyo huutoa, mradi usiwe na haraka. Alitaka dakika ishirini kamili. Mchumba wangu akaitwa aje kushika saa.

Shangazi wawili walikuja na dawa zao. Mmoja alileta yai, mwingine dawa ya meno. Mama mkwe aliwashukuru wote wawili, akaomba yai likaangwe na dawa ya meno irudishwe bafuni. Wanaume waliokuwa wakingoja chakula walipouliza kunaendelea nini, wakaambiwa bibi arusi amelowekwa. Nilisikia kicheko hadi nyuma ya jikoni, na mimi mwenyewe nikacheka.

Katika dakika zile ishirini mama mkwe alinijua kuliko ningejulikana sebuleni kwa siku nzima. Aliuliza nyumbani ni wapi, saluni ilianzaje, na kama mwanawe hunisikiliza ninapoongea. Nilijibu yote kwa ukweli. Ni vigumu kujidai mguu wako ukiwa ndani ya karai la mtu.

Aliufunika mguu kwa kitambaa safi, bila kukaza. Lengelenge likitokea, akasema, nisilitoboe. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja changu, au kikiwa usoni, mkononi au kwenye kiungo, ni cha hospitali moja kwa moja. Hiki changu kilikuwa kidogo, lakini kikianza kuvimba, kutoa usaha au kunuka, au nikipata homa, nisikae nacho.

Lengelenge lilitokea kweli. Nililitunza siku tatu. Ya nne nikavaa suruali ya kubana kwenda kazini, likapasuka. Siku ya tano ukingo wa kidonda ulikuwa mwekundu na wa moto, na wekundu ulikuwa unapanda. Mama mkwe alipopiga simu nikamwambia napona. Akaomba nimtumie picha. Nilipoituma hakuchukua dakika mbili kupiga tena.

"Hii si ya nyumbani tena," akasema. "Nenda leo, si kesho."

Nilimwacha mteja na nywele nusu zimesukwa, nikaomba mwenzangu ammalizie, nikaenda kituo cha afya. Nesi alisafisha kidonda, akakifunga, akauliza mara ya mwisho kudungwa sindano ya pepopunda ilikuwa lini. Sikukumbuka, akanidunga. Nilipewa vidonge vya kumeza hadi viishe. Alisema nimekuja wakati mzuri, kwamba wengi huja wakiwa tayari wanachechemea. Nilirudi saluni jioni hiyohiyo, na baada ya wiki mbili hivi kidonda kilikuwa kimekauka.

Alama imebaki upande wa ndani wa shavu la mguu, ya mviringo, nyeusi kidogo kuliko ngozi yangu. Mteja akiiona nikiwa nimekaa, mara nyingi haulizi. Hupandisha pindo la sketi yake akanionyesha ya kwake, mahali palepale, mguu uleule, kisha tunasimuliana kila mmoja alikuwa akienda wapi siku hiyo.